Jua Letu Hutoka Baharini: Kujifunza Kuchora Pwani kwa Rangi za Maji



Mpe mtoto wa pwani karatasi na rangi, umwambie achore bahari wakati wa magharibi. Mara nyingi atachora jua jekundu lililozama nusu majini, na pembeni mnazi mmoja umeinama. Picha hiyo hupendeza, lakini haikuonekana Mombasa, wala Malindi, wala Watamu. Bahari yetu kuu iko mashariki. Jua letu hutoka majini na kwenda kutua bara, nyuma ya nyumba zetu. Ushahidi tunao kila siku katika sala: Makka iko karibu moja kwa moja kaskazini ya Mombasa, hivyo anayesali hapa, anapogeuza uso kuliani kutoa salamu ya kwanza, ameuelekeza uso wake baharini.

Basi mtoto huyo jua linalozama baharini amelipata wapi? Amelipata katika kadi, kalenda na simu, yaani katika macho ya watu wa pwani nyingine. Naye hana lawama, kwani hakuna aliyemketisha ufuoni akamwambia: tazama.

Juma hili twapenda kuzungumza nanyi juu ya kuchora mandhari ya pwani kwa rangi za maji. Tumelichagua jambo hili kwa kuwa ni sanaa isiyogharimu mno, yaweza kufanyika nyumbani, na mama na watoto wanaweza kuifanya pamoja. Zaidi ya hayo, ni sanaa isiyowezekana bila kutazama. Mwenye rangi za mafuta akipaka asichokitaka, hukifunika kwa rangi nyingine. Rangi ya maji ni angavu, na kilicho chini yake huendelea kuonekana. Kwa hiyo mchoraji hulazimika kutazama kwanza, kuamua, ndipo agushe karatasi.

Je, yafaa kuchora?

Wapo akina mama watakaosita hapa, na kusita kwao kuna msingi. Hadithi za kukataza picha ni sahihi na mashuhuri. Lakini katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, imepokewa pia kwamba mtu mmoja aliyekuwa akipata riziki yake kwa kutengeneza picha alimwendea Ibn Abbas, radhiyallahu anhuma, kumuuliza juu ya kazi yake. Ibn Abbas alimwonya, kisha akamwelekeza kwamba iwapo hana budi kuifanya kazi hiyo, basi achore miti na vitu visivyo na roho. Kwa msingi huo wanavyuoni wengi wameruhusu picha za miti, bahari, mawe na majengo.

Waislamu wa kale wametuachia mfano bora wa jambo hili. Msikiti Mkuu wa Damascus, uliojengwa na Khalifa Al-Walid bin Abdulmalik mwanzoni mwa karne ya 8 Miladi, ulipambwa kuta zake kwa vipande vidogo vya vioo na mawe vilivyopangwa hata vikawa mto, miti mirefu na majumba. Humo hamna mtu wala mnyama, na anayeitazama kazi ile haoni kuwa imepungukiwa na kitu.

Basi nasi na tuchore jahazi, tumwache nahodha. Tuchore mikoko, tuwaache ndege katika matawi yao halisi. Pwani ina mengi ya kumshughulisha mchoraji hata asipochora chenye roho maisha yake yote.

Vyombo vya kuanzia

Anayeanza hudhani kwamba atahitaji sanduku la rangi 36. Rangi 6 zatosha. Ya kwanza ni buluu nzito iitwayo altramarini, ambayo ndiyo iliyokuwa kiungo cha nili ya kufulia, ile bibi zetu waliyosuuzia kanzu na shuka nyeupe. Ya pili ni buluu inayoelemea kijani. Ya tatu ni manjano ya limau. Ya nne ni manjano ya udongo, iitwayo oka. Ya tano ni sienna iliyochomwa, udongo wenye chuma uliopitishwa motoni, rangi yake kama ya chungu kipya. Ya sita ni nyekundu. Nyeusi haihitajiki: changanya altramarini na sienna iliyochomwa, upate kijivu kizuri chenye uhai, kuanzia cha wingu hadi cha mwamba uliolowa.

Brashi 3 zinatosha: moja pana ya kupakia anga, moja nene ya mviringo yenye ncha, na moja nyembamba ya kuchorea milingoti na kamba. Tayarisha bilauri 2 za maji, ya kwanza ya kuoshea brashi na ya pili ya maji safi ya kuchanganyia rangi. Maji yasiwe ya bahari wala ya kisima cha chumvi. Ongeza kitambaa cha pamba na sahani nyeupe ya jikoni, nawe umekamilika.

Usibane matumizi katika karatasi. Karatasi ya daftari ikilowa huvimba na kujikunja, na anayeanza hudhani tatizo ni mkono wake. Tafuta karatasi ya rangi za maji yenye uzito wa gramu 300 kwa mita mraba. Bei yake huonekana kubwa, lakini karatasi moja ya sentimita 56 kwa 76 ukiikata hutoa vipande 8 vya kujifunzia, na kila kipande kina pande 2.

Kibandike kipande chako juu ya ubao kwa utepe wa karatasi, pande zote 4. Kazi ikikauka na utepe ukitolewa, hubaki mpaka mweupe kuizunguka picha. Huo ndio pindo, na ndani yake ndio mji. Mwanamke anayejua kuchagua leso amekwisha kulijua somo hili: mji uliojaa kupita kiasi huchosha macho, na leso hupendeza pindo na mji vinapopeana nafasi. Vivyo hivyo usiujaze ukurasa wako mnazi, jahazi, ngome na mawingu kwa pamoja. Chagua kimoja kiwe mfalme, vingine vimtumikie.

Nyeupe haipakwi, huachwa

Katika baadhi ya masanduku huwemo rangi nyeupe. Iweke kando. Nyeupe ya mchoraji wa rangi za maji ni karatasi yenyewe. Povu la mawimbi, tanga lililopigwa na jua, ukuta wa chokaa wakati wa asubuhi, vyote hivyo havipakwi. Huachwa wazi tangu mwanzo, rangi ikapita kandokando yake.

Jambo hili huwatatiza wengi, lakini lisiwatatize wanawake wa pwani. Fundi wa hina hapaki mkono mzima. Ua huonekana kwa sababu ya ngozi iliyoachwa kati ya mistari, na fundi hodari huiona nafasi hiyo kabla hajaanza kupaka. Mwenye jicho hilo amekwisha kuvuka sehemu ngumu ya safari.

Anza na anga. Kwa penseli, chora kwa wepesi mstari wa upeo wa macho na umbo la tanga, basi. Mstari wa upeo usiukate ukurasa katikati. Uweke juu kidogo ukitaka kuonyesha bahari, au chini ukitaka kuonyesha mawingu. Lowesha anga yote kwa maji safi, ukilizunguka tanga. Chukua altramarini nyepesi, anza juu, shuka nayo ukiipunguza kwa maji hadi iwe hafifu kabisa karibu na upeo. Inamisha ubao kidogo ili rangi iteremke yenyewe. Kisha iache.

Neno hilo, iache, ndilo lenye kazi. Ukirudi kugusa rangi iliyokauka nusu, maji ya brashi yataisukuma na kufanya doa lenye kingo, kama doa la chai juu ya kitambaa cha meza. Kutaka kujua kama karatasi imekauka, iguse kwa mgongo wa mkono: ikiwa ya baridi, bado. Na ukumbuke kwamba rangi ya maji hufifia inapokauka, kwa hiyo ichanganye ikiwa imekoza kidogo kuliko unavyotaka.

Hali ya hewa yetu nayo ina sheria zake. Wakati wa jua na upepo karatasi hukauka upesi mno, kwa hiyo keti kivulini na uchanganye rangi ya kutosha kabla ya kuanza. Wakati wa masika kila kitu hukawia kukauka, na karatasi zikikaa karibu na ukuta wenye unyevu huota kuvu, kisha zikanywa rangi kwa madoamadoa. Zihifadhi katika mfuko uliofungwa vizuri. Picha iliyokamilika nayo usiitundike mahali inapopigwa na jua, kwani baadhi ya rangi hupauka.

Bahari ina rangi ngapi?

Muulize mtoto rangi ya bahari, atasema buluu. Mpeleke ufuoni Nyali au Diani maji yakiwa yameanza kukupwa, umwambie ahesabu. Karibu na mchanga maji hayana rangi yoyote, huonyesha mchanga ulio chini yake. Mbele kidogo ni kijani chepesi. Kisha huja mabaka ya hudhurungi yenye zambarau, ambayo ni majani ya bahari yaliyoota chini. Mbele yake ni mstari mweupe wa povu, mahali mawimbi yanapovunjika juu ya mwamba. Ng'ambo ya mwamba, kilindini, ndiko iliko buluu nzito. Hiyo ni mistari 5 katika bahari moja, na ule mweupe, kama tulivyosema, utauacha bila kuupaka.

Nenda Malindi baada ya mvua za bara, utaona mengine. Mto Sabaki huteremsha udongo mwingi na kuumwaga baharini, na maji yakawa ya rangi ya chai ya maziwa kwa mwendo mrefu. Atakayepaka buluu hapo atakuwa amechora bahari aliyoambiwa. Anayechanganya oka na sienna, na kutia altramarini kidogo, atakuwa amechora bahari iliyo mbele yake.

Mikoko nayo hufundisha. Iliyo karibu ina mizizi inayopindana na majani ya kijani kinachong'aa. Iliyo mbali, upande wa pili wa mlango wa bahari, ni mstari mmoja wa kijivu chenye buluu, bila jani wala mzizi. Kitu kikiwa mbali, hewa hukipunguzia rangi na kukiongezea ubuluu. Ukiipaka mikoko ya mbali kijani kile kile cha karibu, umbali wote utatoweka na kisiwa kitaonekana kimekuja kugonga mlango.

Maji hayamngoji mchoraji

Maji ya bahari hujaa mara 2 na kukupwa mara 2 kwa siku, na kila siku nyakati zake husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji makuu na maji makavu Mombasa hupita mita 3. Maana yake ni kwamba dau ulilolianza likiwa juu ya mchanga laweza kuelea kabla hujamaliza kulichora. Kwa hiyo weka alama ya mstari wa maji mwanzo kabisa, na uufuate huo hata kama bahari imekwisha kuhama.

Jua nalo halisubiri. Kwetu, karibu na ikweta, wakati wa mchana husimama juu ya vichwa, vivuli vikatoweka na vitu vyote vikaonekana bapa. Saa za mchoraji ni baada ya alfajiri hadi saa 3 asubuhi, na kuanzia saa 10 alasiri. Aliyeketi ufuoni Lamu Mjini hutazama Manda, upande wa mashariki. Asubuhi jua hutoka nyuma ya Manda, na mikoko yote huwa kivuli kimoja. Alasiri jua lile lile huwa nyuma ya mji, likaimulika Manda hata kila mti ukajitenga na mwenziwe. Mahali ni pamoja, picha ni mbili.

Ukuta mweupe una rangi

Twapenda kumtaja mchoraji mmoja ambaye kazi zake zatufaa. Winslow Homer wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1836 na kufa mwaka 1910, alizoea bahari ya kijivu ya kaskazini. Alipofika visiwa vya Bahama, kwanza katika msimu wa baridi wa 1884 na 1885, alikuta jua kali, maji ya kijani na kuta nyeupe, mambo tunayoyajua sisi. Katika picha yake ya mwaka 1898 iitwayo A Wall, Nassau, alichora ukuta mweupe na maua mekundu yaliyochomoza juu yake. Weupe wa ukuta ule ni karatasi, iliyopitishiwa rangi hafifu hapa na pale ili umri wake uonekane.

Nasi tuna kuta kama hizo. Nyumba za kale za Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na kupakwa chokaa. Tazama ukuta mmoja saa 2 asubuhi. Upande wenye jua huelemea manjano. Upande wa kivuli si mweusi wala kijivu kitupu. Una ubuluu uliotoka angani. Chini, karibu na ardhi, mchanga umerudisha mwanga wake na kuutia ukuta joto. Ukiyaona hayo matatu, umeuona ukuta kwa mara ya kwanza, ingawa umepita hapo miaka yote.

Kwa nini tujisumbue?

Mtu aweza kusema: simu zetu zimejaa picha, brashi ya nini? Jibu letu ni kwamba picha ya simu hupigwa mara moja na mara nyingi haitazamwi tena, ilhali anayechora mahali kwa muda wa saa nzima hupajua. Hujua mvinje umeinamia upande gani, ngazi za gati zimelika wapi, na maji hufikia jiwe gani wakati wa bamvua.

Na pwani yetu inabadilika. Gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilianza kazi mwaka 2021. Hatuitaji bandari hiyo kwa kuipinga wala kuitetea. Twasema tu kwamba mtoto aliyezaliwa mwaka huo atajua ufuo ule ulivyokuwa kwa kuhadithiwa. Miji yetu nayo hubomolewa nyumba za kale, zikasimama ghorofa za saruji. Mji wa Kale wa Lamu uliandikwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2001, na Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 2011. Ni heri kubwa, lakini orodha hiyo haiutaji mbuyu wa mtaani kwenu, wala mikoko iliyo nyuma ya madrasa, wala daka la nyumba ya bibi yako. Hivyo vikiondoka bila mtu kuvitazama kwa makini, hakuna hata atakayejua kuvililia.

Ndiyo maana twasema mama na binti zake wana kazi hapa. Si lazima mtu akae ufuoni mbele ya watu. Dirisha linatosha, dari linatosha, baraza linatosha. Dakika 20 kati ya alasiri na magharibi, mara 2 kwa juma, zatosha kwa kipande kimoja kidogo. Nyuma ya kila kipande andika jina la mahali, tarehe ya Hijria na ya Miladi, saa, maji yalikuwa yakijaa au yakikupwa, na upepo ulikuwa kusi au kaskazi. Baada ya miaka michache mtakuwa na kumbukumbu ya familia ambayo hakuna duka linaloiuza, hata kama mistari yake imepinda.

Kazi ya juma hili

Tuanze na dogo. Chagueni asubuhi moja baada ya sala ya alfajiri. Ketini mahali panapoonekana maji, hata kama ni kipande tu kati ya paa 2. Kwa dakika 10 msiguse brashi. Kila mtu ataje rangi anazoziona, na mdogo aanze kusema kabla ya mkubwa. Kisha choreni anga na mistari ya maji peke yake, bila jahazi wala mnazi, mkiuacha mweupe mstari wa povu. Mkiwa na chumvi jikoni, nyunyizeni chembe chache juu ya rangi ya mchanga ingali imelowa. Ikikauka na chumvi ikapanguswa, zitabaki alama kama za vipande vya matumbawe, na watoto watafurahi.

Kipande cha kwanza msikitupe, hata kikiwa na madoa. Kiandikeni tarehe na kukihifadhi, kwani ndicho kitakachowaonyesha umbali mliotembea. Juma lijalo, inshaallah, tutazungumzia jahazi: umbo la tanga lake, kivuli chake majini, na namna ya kulichora lielee.

Allah atujaalie macho yenye kuona na mikono yenye subira. Amin.